Mihambo Aliyelainishwa

Mkumbushi aliwekwa juu ya mkeka katikati ya ua, akaanza kuzungumza kwa sauti ya marehemu. Alikuwa mashine ndogo, mviringo, yenye taa moja ya bluu, na katika Tabora ya miaka hiyo karibu kila nyumba yenye msiba iliazimwa mmoja. Alipokea maneno yote ambayo mtu aliwahi kuyasema karibu na simu yake, akayapanga, kisha akajibu kama yeye.

Ilikuwa arobaini ya Mihambo, fundi wa treni za sumaku, aliyefia kazini kwenye handaki la Urambo. Mtani wake Kondo, Mzaramo, alifika akiwa amevaa koti la kazi la marehemu nyuma-mbele. Akapita mbele ya wafiwa akiburuta mguu kama Mihambo alivyozoea kutembea. Wanawake wakacheka huku wakijifuta macho.

"Wewe mtumwa wetu," Kondo aliiambia mashine, "umekwenda kulala na mizigo yetu hujaifikisha pwani. Ruhusa kakupa nani?"

Taa ya bluu ikapepesa. "Asante sana kwa kuja, ndugu yangu Kondo," ilisema sauti ya Mihambo. "Uwepo wako unanifariji."

Kondo akavua koti taratibu, akalikunja.

"Huyu nani mmeniletea?" aliuliza. "Mihambo angenitukana mpaka babu yangu."

Nyamizi, dada wa marehemu, aliyasikia hayo akiwa karibu na roboti ya kugawa chai. Alikuwa mtunzaji katika Hifadhi ya Sauti, mahali zilipokaa hati za wafu wote wa mji. Wiki iliyopita Kondo alikwenda kule kutoa ushuhuda wake, akaachwa peke yake na hati ya Mihambo. Nyamizi alimtazama akilikunja lile koti. Mtu aliyeharibu kitu, aliwaza, mara nyingi huwa wa kwanza kupiga kelele.

Aliinamia mashine, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani ameigusa hati ya kaka yangu?"

"Hakuna badiliko lolote linalopaswa kukusumbua leo," ilijibu.

Nyamizi hakulipenda jibu hilo. Hakuwa ameuliza kama atasumbuka.

Akaingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango, akafungua kompyuta yake ya kazi. Wenzake wote Hifadhini waliziongoza mashine kwa kuongea nazo. Nyamizi peke yake ndiye aliyekuwa bado anaingia kwa mstari wa amri, dirisha jeusi ambamo mtu huandika neno moja la kazi na kompyuta ikalitenda bila maneno ya kubembeleza. Wenzake walimtania kwamba anapika kwa kuni. Lakini Mkumbushi alijua kulainisha jibu, na lile dirisha halikujua.

Hati za wafu zilitunzwa katika hifadhidata ya XML, mtindo wa zamani uliodumu kwa sababu ulieleweka. Kila jambo liliwekwa kati ya lebo mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, na ndani ya lebo mliweza kuwa na lebo nyingine, kama sufuria zinavyopangwa moja ndani ya nyingine. Ukiitoa sufuria ya nje, zote za ndani zimekwenda nayo.

Aliandika: tafuta utani. Dirisha likajibu: hakuna.

Aliandika: tafuta ugomvi. Hakuna. Tafuta kukataa. Hakuna. Mtu aliyegombana na kila msimamizi wa reli hakuwa amekataa kitu maisha yake yote.

Jioni ile, arobaini ikimalizika, hati ingefungwa kwa sheria ya Hifadhi na nakala za zamani zingefutwa. Mihambo angebaki hivyo alivyo, mtu wa kushukuru tu, kwa kila mtoto wa ukoo atakayetaka kumjua.

Aliandika: linganisha na nakala ya siku ya mazishi. Onyesha aliyefuta.

Jina lililotokea halikuwa la Kondo. Lilikuwa la mama yake, Kalunde.

Mlango ukafunguliwa, na Bi Kalunde mwenyewe akaingia kutafuta kanga.

"Mama," Nyamizi alisema, "umekuwa ukizungumza na Mkumbushi?"

"Kila siku. Kwani ni kosa?"

"Alikuuliza nini?"

Mama alikaa kitandani. Siku zote za msiba hakuwa ameonekana akilia, na majirani walikwisha anza kunong'ona.

"Aliniuliza kama kuna neno linaniumiza. Nikamwambia lipo, lile la mwisho. Niliota handaki limejaa maji, nikampigia asiende. Akanijibu, 'Niache, mama, ndoto zako zimenichosha.' Nikakata simu." Alinyoosha kanga magotini. "Mashine ikasema italiondoa hilo na mengine ya namna hiyo. Nikaweka kidole."

Mengine ya namna hiyo. Kwa mashine, tusi la mtani, ugomvi wa kazini na jibu la mtoto aliyechoka vyote vilikuwa ukali.

"Hayo yanaweza kurudi kabla ya jioni, ukiweka kidole tena."

"Yasirudi. Huyu wa sasa ananisikiliza, Nyamizi. Ananiitikia vizuri."

"Anamwitikia kila mtu hivyo hivyo, mama. Hata Kondo."

Nyamizi alirudi kwenye dirisha, akaifungua nakala ya zamani mahali pa simu ile. Lebo iliyofutwa ilikuwa ya nje, ya mazungumzo yote. Ndani yake mlikuwa na neno lile, na chini yake mlikuwa na maneno mengine, yaliyosemwa simu ikiwa imekwisha katwa.

"Mama, hukuwahi kumsikia akimaliza?"

"Namsikiaje na nimekata?"

Nyamizi akamsomea, kwa sauti yake mwenyewe, kwa sababu dirisha lile lilikuwa na maandishi tu.

"'Mama? Kakata. Kakasirika, huyu. Haya, nitapitia jioni nimchokoze, nimbembeleze anipe kisamvu alichonipikia.'"

Mama aliomba asomewe tena. Kisha akanyoosha mkono, na Nyamizi akausogeza ubao wa kidole. Bi Kalunde akaubonyeza kwa nguvu, kama anayeua mbu.

"Kisamvu nilikimwaga," alisema. "Nilikimwaga kwa hasira."

Kilio kilichomtoka kilisikika mpaka uani. Waliokuja kumaliza matanga walikuwa wameanza kukunja mikeka; wakatazamana, wakaitandika tena, wakakaa.