Mtoto wa Mama Ayoubu

Kila asubuhi Safia alichukua bakuli la bati na kwenda nyumba ya tatu kutoka kwao kununua maandazi manne, mawili yake na mawili ya nyanya yake. Mama Ayoubu alikaa mbele ya mlango wake wa mbao nyeusi, mafuta yakichemka kwenye karai. Tangu ugonjwa wa korona uingie mjini Kindu, alikuwa amechora mstari ardhini kwa fimbo, na mteja hakuruhusiwa kuuvuka.

"Jambo, Mama Ayoubu."

"Jambo, mutoto wangu. Simama palepale kwenye mustari. Mkono usinipe, nipe bakuli tu!"

Safia alicheka. Alikuwa akimwita Mama Ayoubu tangu alipojifunza kusema, kama mtaa mzima ulivyomwita. Mama huyo aliishi peke yake na bata watatu.

Asubuhi hizo zilikuwa ndefu. Shule zilikuwa zimefungwa tena kabla ya Noeli, mara ya pili katika mwaka mmoja. Safia alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, mwaka wa mtihani wa taifa. Wazazi wake walilima mpunga Kibombo, na walimwacha kwa Nyanya Hawa ili asome. Sasa baba yake alikuwa ametuma ujumbe kwa dereva wa pikipiki: "Kama shule bado imefungwa mwisho wa mwezi, Safia arudi atusaidie mavuno."

Safia aliwajua wasichana waliorudi namna hiyo. Rafiki yake Latifa alikwenda kijijini Tunda kwa wiki mbili tu. Wiki hizo mbili zilikuwa zimefika miezi tisa, na Latifa hajaonekana.

Kwa hiyo redio ya mtaa ilipotangaza mdahalo wa watoto, "Shule zifunguliwe au zibaki zimefungwa?", Safia aliandikisha jina lake siku ileile. Hoja ya kushinda alikuwa nayo nyumbani. Nyanya Hawa alikuwa mwalimu kwa miaka thelathini, na hata vita havikumfanya aache kufundisha.

Ijumaa mchana, Nyanya alipokuwa akichambua mchele kwenye ungo, Safia alikaa karibu naye na karatasi na kalamu.

"Mji ulikuwa umezungukwa," Nyanya alisimulia. "Gari la moshi haliji, mashambani hakuendeki, shule imejaa watu waliokimbia vijiji vyao. Nikasema, watoto hawa wakikaa bure watakuwa nini? Nikawaita hapahapa chumbani. Thelathini na mmoja, kwenye mikeka miwili. Madirisha tulifunga, tuliogopa risasi."

"Na walifaulu?" Safia aliuliza, akiandika mbiombio.

"Walifaulu. Mmoja leo ni daktari kule Kisangani. Lakini sikiliza. Baada ya miezi mitatu ikaingia surua, na..."

"Inatosha, Nyanya! Karatasi imejaa."

Nyanya alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye mchele wake. "Karatasi ina upande wa pili," alisema.

Jumamosi asubuhi Nyanya Hawa alipanda mtumbwi kuvuka mto hadi Alunguli, kumwangalia dada yake aliyekuwa mgonjwa. Safia alivaa barakoa na kwenda redioni. Alimkuta Yassine, mvulana wa darasa lake, mtoto wa muuguzi. Yeye angetetea upande wa pili.

"Mdomo wako umekuja nao, au umeuacha nyumbani?" Yassine alimtania.

"Nimekuja na miwili. Mmoja wangu, mwingine wa kukusaidia wewe."

Mtangazaji, Papa Edouard, aliwakalisha mbali mbali, akafungua dirisha na kuwasha vipaza sauti. Yassine alianza. Alisema polepole, kama mtu anayehesabu hatua zake.

"Baba yangu anafanya kazi hospitalini. Anasema mtoto anaweza kuupata ugonjwa huu asiusikie kabisa, lakini akaupeleka kwa nyanya yake. Mwaka wa shule ukipotea, unaweza kuurudia. Nyanya akipotea, utamrudia wapi?"

Safia alishusha pumzi, akaanza. Alisimulia vita, mji uliozungukwa, na mikeka miwili yenye watoto thelathini na mmoja nyuma ya madirisha yaliyofungwa. Sauti yake ilipanda na kushuka vizuri, hata Papa Edouard akasahau kutazama saa.

"Kama risasi hazikuwazuia wazee wetu kusoma," alimalizia, "korona itatuzuia sisi kwa nini?"

"Nina swali," alisema Yassine. "Watoto thelathini na mmoja katika chumba kimoja, madirisha yamefungwa. Hakuna aliyeugua?"

Safia aliigeuza karatasi yake. Upande wa pili ulikuwa mweupe.

"Hapana," alisema. "Hata mmoja."

Wasikilizaji walipiga simu kuchagua mshindi. Safia alishinda kwa kura nyingi, na Papa Edouard akatangaza kwamba Jumamosi ijayo angerudi kusoma barua ya watoto wa Kindu kuhusu shule. Njiani kurudi nyumbani watu walimpigia makofi. Lakini Safia aliikunja karatasi yake, ule upande mweupe ukiwa ndani.

Kesho yake mvua ilianza alfajiri. Kabla Safia hajala kitu, Mama Françoise wa nyumba ya jirani alibisha hodi, akiwa na mwanawe Djuma na binti yake mdogo.

"Tumekusikia redioni," alisema. "Kama wakati wa vita watoto walisoma hivyo bila kupata kitu, hata hawa wasome. Nyanya yako hayupo? Basi anza wewe, wewe si ndiye mwalimu mdogo?"

Saa tatu ilipofika, watoto kumi na wanne walikuwa wamebanana kwenye mkeka. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya mvua. Safia alisimama mbele yao akiuliza majedwali ya kuzidisha, na moyo wake ulijaa raha. Djuma alikohoa mara moja, kisha mara ya pili.

"Funika mdomo wako!" Safia alimkaripia, akaendelea.

"Hodi."

Mama Ayoubu alikuwa amesimama mlangoni, beseni la maandazi kichwani. Hakuingia. Aliwatazama watoto mmoja mmoja, kisha akatazama kona ya dirisha.

"Safia, toka kidogo."

Walisimama chini ya ukingo wa bati, maji yakidondoka mbele yao.

"Jana nilisikiliza redio," alisema Mama Ayoubu. "Ulisema vizuri. Sauti yako njo ya nyanya yako kabisa. Ulisema hakuna hata mmoja."

Safia alikinga matone ya maji kwa kiganja.

"Wewe unaniita nani?"

"Mama Ayoubu."

"Ayoubu ni nani?"

Safia aliikumbuka nyumba ile ya bata watatu, isiyo na mtoto.

"Alikuwa anakaa pale," Mama Ayoubu alisema, akionyesha kona kwa kidevu. "Karibu na dirisha, maana alipenda kuchungulia. Alikuwa na miaka tisa. Surua njo ilimubeba, na dawa haikuwepo. Kila siku mtaa huu unaita jina lake. Hata wewe, ukija kununua maandazi, unamtaja, na mimi ninafurahi. Jana njo mara ya kwanza kumusikia muntu akisema hakuwepo."

Machozi yalimtoka Safia kabla hajajua kama analia. Wakati huohuo Nyanya Hawa alitokea njiani akitoka mtoni, kandambili mkononi na khanga imelowa. Aliwatazama wote wawili, akasikia sauti za watoto ndani, akaelewa; redio ilisikika hata Alunguli. Alifungua madirisha yote, akawaambia watoto waende kwao taratibu. Djuma, aliyekuwa bado akikohoa, Nyanya alimpeleka mwenyewe kwa mama yake.

"Mpeleke kwa baba yake Yassine amtazame," alimwambia Mama Françoise. "Leo, si kesho."

Aliporudi alikaa barazani pamoja na Safia na Mama Ayoubu. Hakupaza sauti.

"Ulijua, Safia?"

"Nilijua kulikuwa na surua. Ndiyo maana nilikukatiza." Alijifuta pua. "Nyanya, sitaki kurudi Kibombo. Nikienda sitasoma tena."

"Hiyo ni sababu nzuri. Na ule ulikuwa uongo mbaya. Vyote viwili ni vyako, huwezi kubeba kimoja ukaacha kingine." Nyanya alikamua pindo la khanga yake. "Sasa nikwambie upande wa pili wa karatasi. Waliugua wanne. Tulipomzika Ayoubu, nilifunga chumba. Lakini sikuacha kufundisha. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiandika somo mlangoni, na kila mtoto alilisoma mbele ya kwao. Chaki zilikuwa zimekwisha. Niliandika kwa kipande cha muhogo mkavu. Unajua nani alinipa muhogo wa kwanza?"

Safia alimtazama Mama Ayoubu.

"Njaa ilikuwa kali," Nyanya aliendelea. "Muhogo ule ulikuwa chakula chake cha siku ile. Akaniambia, andika mlango wangu kwanza."

"Nilikuwa na hasira na nyanya yako," alisema Mama Ayoubu. "Nilitaka kumuchukia. Lakini siku zote za ugonjwa alikuja kumupangusa Ayoubu uso kwa maji, na watu wengine walikuwa wanaogopa kuingia. Muntu wa namna hiyo utamuchukia na nini? Mpaka leo ninamushukuru."

Jioni ile Safia alipita nyumba zote za watoto kumi na wanne. Kwenye kila mlango alisimama mbali, akasema kwamba alichosema redioni hakikuwa kweli. Wengine walimsonya. Mama Françoise alimfokea sana, na Safia alimsikiliza mpaka mwisho. Hata hivyo, habari ya Djuma ilikuwa njema: baba yake Yassine alimpima, akakuta ni mafua ya mvua. Katika wale watoto kumi na wanne hakuna aliyeugua baadaye. "Safari hii tumeponea chupuchupu," alisema muuguzi, "msinijaribu tena."

Jumamosi ilipofika, Safia alimweleza Papa Edouard kila kitu kabla ya kipindi. Papa Edouard alikuna ndevu zake, akamsogezea kipaza sauti.

"Mimi ni Safia," alisoma. "Jumamosi iliyopita Yassine aliniuliza kama kuna mtoto aliyeugua wakati wa vita. Nilisema hakuna hata mmoja. Nilisema uongo. Waliugua wanne, na mmoja alikufa. Anaitwa Ayoubu. Ninamwomba mama yake msamaha. Bado nataka shule zifunguliwe, kwa sababu sisi wasichana tukikaa nyumbani muda mrefu, wengine haturudi tena darasani. Lakini zifunguliwe kwa kunawa mikono, barakoa na madirisha wazi. Mpaka siku hiyo, milango yetu inaweza kutufundisha." Kisha akaeleza jinsi nyanya yake alivyofanya.

Nje, Yassine alikuwa akimsubiri.

"Kwa hiyo sasa mshindi ni mimi?"

"Umeshinda swali moja."

"Linanitosha. Lakini hesabu za mlango wetu nitaziandika mimi. Wewe kugawanya hujui."

Jumatatu asubuhi Safia alipofika na bakuli lake la bati, Mama Ayoubu hakumpa maandazi kwanza. Alimnyoshea kipande cha muhogo mkavu, mrefu kama kidole.

"Chaki zipo sokoni, Mama."

"Ninajua zipo. Andika mulango wangu kwanza."

Safia aliandika juu ya zile mbao nyeusi, na maandishi yakatokea meupe. Kabla ya saa sita milango tisa ya mtaa ilikuwa na masomo, na mbele ya kila mmoja mtoto amekaa na daftari. Nyanya Hawa alipita akisahihisha kwa fimbo, haraka kama mtu aliyepunguziwa miaka ishirini. Wiki ileile ulifika ujumbe mwingine wa baba kutoka Kibombo: kama masomo yapo hata mlangoni, Safia abaki. Mpunga wangeuvuna wenyewe.

Mwisho wa mwezi wa pili shule zilifunguliwa. Asubuhi hiyo Safia alisimama barazani na sare yake iliyonyoshwa vizuri, na nyanya yake akamfunga barakoa.

"Nyanya, asante."

"Kwa barakoa?"

"Kwa upande wa pili wa karatasi."

Nyanya Hawa alitabasamu. "Basi ushike, mjukuu wangu. Utashindana na watu maisha yako yote, na ni vizuri, Mungu amekupa ulimi. Lakini unapotetea jambo, sema hata lile linalokuumiza wewe. Jambo la haki halihitaji kumficha mtu ili lisimame. Na ukikosea mbele ya watu wengi, rudi ukatengeneze mbele ya watu walewale."

Safia aliondoka na bakuli lake. Kwenye mstari alisimama, kama kawaida.

"Jambo, Mama wa Ayoubu," alisema, akilitamka jina hilo polepole, lote.

Mama Ayoubu aliinua uso kutoka kwenye karai. Siku hiyo bakuli lilipata maandazi matano.

"La tano ni la nani, Mama?"

"La muntu anayekaa karibu na dirisha," alisema. "Ukifika darasani, mupe. Na dirisha mulifungue."