Ithibati ya Mama Daktari

Enyi majirani wa Kayole, nanyi wa Njiru mnaojidai mko mbali, sogezeni stuli. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mnajua miwani yangu huona hata mawazo ya mbu.

Ilikuwa Jumapili alasiri tulivu katika ploti yetu. Nguo zilikauka kwenye kamba, redio ya mtu iliimba kwaya, na jirani yangu Patrobas Opicho, mstaafu wa kiwanda cha sabuni, alikuwa mlangoni akimenya njugu. Patrobas ana kisukari cha miaka mingi. Kila asubuhi hujichoma sindano yake ya insulini, kisha hula kwa saa kama askari wa gwaride. Binti yake Muhonja, aliyemaliza sekondari kwa gredi ya chini, alikuwa akimsuka mtoto wa jirani. Utulivu ulikuwa mtamu hata paka na panya wa ploti walikuwa wamelala kivuli kimoja.

Ndipo Asenath, mke wa Patrobas, akaingia langoni mbio, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani.

"Baba Muhonja! Mtoto amepata chuo! Uuguzi! Na hawaulizi hata gredi!"

Patrobas akaacha njugu. "Hawaulizi gredi? Kina ithibati hicho?"

"Ithibati gani tena? Kimefunguliwa leo na mgeni rasmi mwenyewe, amekata utepe! Wachungaji wametambuliwa, wenyeviti wametambuliwa, hata mimi nimetambuliwa nikasimama nikapungia watu. Unataka kitambuliwe vipi zaidi?"

Ngoja niwaeleze hapa, maana neno hili wengi hulitamka tu kwa kuwa linapendeza mdomoni. Ithibati ni kibali cha ubora. Wenye mamlaka ya kazi ile huja wakakagua walimu, vifaa na mafunzo, kisha wakasema: naam, hapa panatosha kumfundisha mtu kazi hii. Chuo hupewa ithibati, na kikizembea hunyang'anywa. Hakijipi. Hata kijana wa Kibukusu hajipeleki nyuma ya choo akajitahiri mwenyewe, kisha akarudi kudai ng'ombe ambaye mjomba humpa aliyetahiriwa mbele ya watu.

Na yule mgeni rasmi namjua. Ndiye aliyekata utepe wa bucha ya Muasya na wa kinyozi kando yake. Siku ya kinyozi mkasi ulipotea, akakata utepe kwa meno.

Basi Muhonja akaanza masomo, orofa ya tatu, juu ya duka la simenti. Mwenye chuo aliitwa Seth, lakini mlangoni alijiandika Profesa. Haikuchukua muda ploti nzima ikaanza kumwita binti "Daktari", na Asenath akawa Mama Daktari. Mtoto akikohoa, anapelekwa kwa Muhonja. Mzee akiumwa mgongo, kwa Muhonja. Asenath alianza kutembea polepole, kama mtu aliyebeba yai kichwani.

Jioni moja, kuta zetu zikiwa nyembamba kama chapati ya mchoyo, nilimsikia binti akilia.

"Mama, tunafundishwa kwa mwanasesere wa mkono mmoja. Wodi hatujawahi kuingia. Kila hospitali tunayoenda kuomba mazoezi inatufukuza, wanasema chuo chetu hakijulikani."

"Shhh! Unataka Elsie wa mlango wa pili asikie? Watu wananiita Mama Daktari, wewe unataka nirudi kuitwa Mama Nanihii?"

"Asenath, mtoto anasema ukweli," Patrobas akasema.

"Wewe mzee tafuna njugu zako!"

Jamani! Mtoto anasema amefunikwa na moshi, mama anauliza majirani wameuona? Nilishtuka, lakini mshtuko wenyewe ulikuwa bado njiani.

Muhonja akamaliza masomo, na siku ya karamu ya mahafali yake ikafika. Hema likasimamishwa uwanjani, kuku wakachinjwa mpaka jogoo wa jirani yetu Nyamai akahamia Komarock mwenyewe kwa miguu. Shemeji na shangazi walishuka kutoka Vihiga. Mnajua desturi yetu: mgeni rasmi hajafika, chakula hakifunuliwi. Na mwenye karamu ndiye wa mwisho kunawa mikono.

Patrobas alikuwa amejichoma sindano yake asubuhi, akitegemea kula mara moja. Mgeni rasmi akachelewa. Alipofika, ikaja zamu ya kutambuana. Mshereheshaji alikuwa Okoth, kijana mwenye sauti ya kuvunja glasi.

"Kayole, mko rada? Mko macho? Itifaki izingatiwe! Naomba nimtambue shangazi wa baba! Simama mathe, tukuone! Makofi! Sasa nimtambue aliyeleta viti! Makofi ya kilo!"

Jua likapanda, likaanza kushuka. Nilikuwa nimeketi kando ya Patrobas. Jasho lilimtiririka, mikono ikamtetemeka. Elsie akamwona, akaja na chapati ndani ya sahani. Asenath akaidaka hewani.

"Mwenye karamu ale mbele ya mgeni rasmi? Unataka Vihiga nzima ituseme?"

"Mama Daktari, mzee ni mgonjwa," Elsie akasema.

"Na daktari wake si yule pale, na joho lake?"

Patrobas akanigeukia, akaniita kwa jina la kaka yake marehemu. Akaniuliza kama gari moshi limeshafika. Kisha akaanguka, kiti na yeye, mbele ya meza kuu.

Watu wakapiga mayowe. Nikasema, "Hospitali! Haraka!" Asenath akanyoosha mikono yote miwili.

"Hakuna kwenda popote! Daktari tunaye hapa! Muhonja, leta sindano ya baba yako! Waonyeshe!"

Wenzangu, mtu alikuwa amelala chini macho yamegeuka, na mkewe anasema waonyeshe!

Muhonja akaja mbio na sindano imeshajazwa insulini. Akapiga magoti. Shangazi wote wakamzunguka, na Okoth, bila aibu, akasema kwenye kipaza sauti, "Tunaona kazi ya Daktari wetu!" Sindano ikafika kwenye mkono wa mzee. Ikasimama pale.

"Choma!" Asenath akasema.

"Mama, sijui."

"Hujui nini? Si mlifundishwa?"

"Tuliambiwa mgonjwa wa sukari akianguka achomwe. Hatukuambiwa tujue kwanza kama sukari imepanda au imeshuka. Hatukufundishwa kupima. Nikikosea, ninamuua baba."

"Basi nipe mimi! Nimemwona akijichoma miaka yote!"

Asenath akaikamata ile sindano. Mama na binti wakaigombania juu ya mwili wa Patrobas, mbele ya mchungaji, mbele ya kamera. Mara Muhonja akaipokonya, akaitupa kwenye saruji, akaikanyaga kwa kiatu kipya mpaka ikavunjika.

"Mimi si daktari!" akalia. "Si hata muuguzi! Chuo hakina ithibati, niliwaambia mkaninyamazisha! Mbebeni baba!"

Hapo hata Okoth akashusha kipaza sauti. Kisha tukamtupa Patrobas ndani ya pikapu ya Nyamai, juu ya magunia ya viazi.

Hospitalini wakampima, wakamtia maji ya sukari mshipani. Daktari akatoka.

"Sukari ilikuwa karibu kuisha mwilini. Alijichoma, hakula. Kuna mtu alimwongeza insulini?"

"Hapana," nikasema. "Ilibaki kidogo."

"Hiyo kidogo ndiyo imewaokoa. La sivyo, sasa mngekuwa mnaniuliza njia ya mochari."

Asenath akakaa chini sakafuni, na nguo yake ya vitenge viwili.

Patrobas alizinduka kesho yake. Lakini ubongo ulikuwa umekaa na njaa ya sukari muda mrefu. Muhonja alimshika mkono. Mzee akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Sista, asante kwa kazi yako," akasema. "Nina binti anasomea kazi kama hii. Akija, mwambie baba yake hana hasira naye."

Muhonja akatoka nje, akaegemea ukuta, na sauti aliyoitoa sitaisimulia hapa.

Fahamu zilimrudia Patrobas, lakini kwa vipande, na vipande vingine bado tunavisubiri. Seth alitoweka, na katika kile chumba chake sasa huuzwa magodoro. Muhonja amerudi darasani kurudia mtihani wake wa sekondari. Asenath humpeleka mumewe kliniki, na ukimwita Mama Daktari hageuki.

FUNZO

Ndugu zangu, ithibati si makofi, si joho, wala si jina zuri mlangoni. Ni ushahidi wa wanaoijua kazi kwamba anayefundishwa hapo hatamdhuru anayemhudumia. Kabla hujampeleka mtoto chuoni, nenda kwa wanaoitoa uwaulize, usiwaulize wanaojitangaza kuwa nayo. Na mtoto wako akikuambia chuo chake hakifai, msikilize siku hiyo hiyo. Sifa za majirani ni tamu, lakini hazijawahi kumrudishia mtu pumzi.