Ukuta wa Nyumba ya Vifaranga

Ghislaine alifuga kuku mtaani Kasha, katika wilaya ya Bagira, mjini Bukavu. Kila asubuhi, kabla ya chai, alifungua kibanda cha mbao cha vifaranga. Msimu wa mvua ulipoanza, aliwakuta wamerundikana kona moja, wakitafuta joto. Wa chini walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa. Alianza na vifaranga mia moja, na katika siku tisa wakabaki sitini na wawili. Jiko lililowapasha joto lilimaliza gunia la makaa kila wiki.

Mume wake, Constantin, alikuwa seremala. Aliamua kujenga nyumba mpya ya vifaranga, kubwa zaidi, ya mbao vilevile. Alisema ataimaliza kwa siku tatu.

Ghislaine alikubali, lakini jambo moja lilimsumbua. Siku moja alikuwa ameingia asubuhi katika stoo ya jirani yao Zagabe, kuazima koleo. Ndani hamkuwa na moto, lakini hamkuwa na baridi pia. Akarudi kumwuliza sababu.

Zagabe alikuwa mwashi. Kazi ya matofali ya udongo alijifunza kule Katana, na stoo yake aliijenga kwa matofali hayo. Hakueleza mengi. Aliwapa vipimajoto viwili. Kimoja wakiweke kwenye kibanda chao, kingine kwenye stoo yake, wasome alfajiri na saa sita mchana.

Saa sita mchana kibanda kilikuwa na digrii ishirini na tisa, stoo ishirini na nne. Alfajiri, jiko likiwa limezimika, kibanda kilikuwa kimeshuka hadi kumi na tano, stoo ishirini. Constantin alisema kipimajoto kimoja kimeharibika. Akavibadilisha mahali mwenyewe. Kesho yake namba za kila mahali zilikuwa zilezile. Wakavirudisha kwa Zagabe.

“Papa Zagabe, ile ukuta inatoa joto wapi?” Ghislaine aliuliza.

“Ukuta haitengeneze joto, maman. Inaichunga tu. Mbao iko nyembamba, na upepo inapita mu nafasi zake. Inapata moto mbio, inapoa mbio. Udongo munene inapokea joto polepole muchana, na inairudisha polepole usiku.”

Constantin aliuliza kama udongo hautayeyuka kwa mvua ya Bukavu. Zagabe akatumbukiza tofali moja kwenye ndoo ya maji. Kesho yake walilitoa likiwa zima. Alieleza kwamba udongo huchanganywa na mchanga na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine. Halafu matofali hufunikwa kwa plastiki na kumwagiwa maji kwa wiki tatu au nne, hadi yakomae. Msingi uwe wa mawe, na paa litokeze mbele ya ukuta. Matofali ya kuchoma nayo yanatunza joto, alisema, lakini tanuri linakula kuni nyingi.

“Basi kazi yangu iko wapi?” Constantin aliuliza kwa sauti ya chini.

Zagabe alimwonyesha mabati ya paa. “Joto inapanda. Bila plafond, yote inatokea juu. Ukuta yangu peke yake haitoshe.”

Basi Zagabe akajenga kuta za udongo, na Constantin akatengeneza dari ya mbao. Juu ya kuta waliacha matundu ya kutoa moshi na hewa chafu. Kazi ilichukua wiki saba, si siku tatu, na Ghislaine alingoja bila kununua vifaranga wengine.

Mwezi uliofuata aliingiza vifaranga mia moja wapya. Walilala wametawanyika sakafuni, kila mmoja mahali pake. Walikufa wanne tu. Gunia moja la makaa lilitosha karibu wiki tatu.

Jioni moja ya mvua, Constantin alikwenda kuwatazama, akakawia. Ghislaine alimfuata. Alimkuta ameketi kwenye ndoo, ameweka kiganja ukutani.

“Mama Francine,” alisema, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, “kuku inalala muzuri kuliko watoto wetu.”

Ghislaine alitazama nje, kwenye nyumba yao ya mbao. Asubuhi walikwenda wote wawili kwa Zagabe, kumwomba ile mashine ya kushindilia matofali.