Breki Iliyoachiwa Wengine

Mama hupiga pasi ovaroli yake ya kazi kama mtu anayekwenda harusini. Yeye ni fundi wa ndege. Asubuhi hiyo ya likizo, bintiye wa miaka kumi na miwili alifuatana naye, begi mgongoni. Ndege ikishakaguliwa, wangepanda wote wawili kwenda kumwona bibi, aliyekuwa ametoka hospitalini juzi.

Karakanani, mama alichutama kando ya gurudumu la kushoto, akaimulika breki kwa tochi.

"Breki imekwisha," alisema. "Mpya ipo stoo. Ni kazi ya saa nne."

Msimamizi wa safari, ambaye mafundi humwita Bwana Saa, aliruka. "Mama fundi, abiria wamejaa! Andika itabadilishwa huko iendako. Safari moja tu!"

"Jana waliandika hivyo. Juzi pia. Kila mmoja kamwachia mwenzake."

"Basi kazi yako tutaizungumza ofisini."

Machozi yalimlengalenga binti. "Mama, si utie sahihi tu? Bibi anatungoja!"

Mama alikipeleka kidole cha binti kwenye breki. "Hapa pana kipini cha kupimia. Breki ikiwa nzima, hutokeza. Unakigusa?"

"Sikipati. Kimezama."

Hata hivyo hamu ya safari haikumwacha. Alichukua simu ya mama, akajitenga, akampigia bibi. "Bibi, mwambie mama akubali ndege iondoke. Msimamizi anatuharakisha. Breki imekwisha kidogo tu."

"Kidogo? Umeiona mwenyewe?"

Binti alisita. Uongo ulikuwa mdomoni, tayari. "Nimeigusa, bibi. Imekwisha kabisa. Mama anasema kuibadilisha ni saa nne."

"Nipe huyo anayewaharakisha."

Binti alimpelekea Bwana Saa simu. Sauti ya bibi ilisikika karakana nzima. "Baba, nimelala kitandani wiki sita. Unadhani saa nne zitanishinda? Nataka mjukuu, sitaki rambirambi!"

Mafundi walicheka. Bwana Saa alifuta jasho, akaenda kuwaeleza abiria ukweli. Aliporudi, aliomba ashike tochi.

Breki ya zamani ilipofunguliwa, sahani yake moja ya chuma ilikutwa na ufa. Bwana Saa aliumulika ufa huo, kisha akamgeukia mama. "Yale maneno ya ofisini, mama fundi, nisamehe."

Alasiri bibi aliwapokea mlangoni, akiegemea mkongojo. Alimvuta binti kifuani.

"Ulisema kweli hata ilipokuuma," alisema. "Shika hili, mjukuu wangu: kasoro haipungui kwa kuachiwa mtu wa kesho. Kawia, ufike."