Hatari Baada ya Saa Tano

Meli kutoka Kisumu ilifunga gatini Bukoba saa tatu kasorobo, asubuhi ya Alhamisi ya mwisho ya Mei 1958. Mvua ilikuwa imekatika nusu saa tu iliyopita. Wapagazi walishuka na magunia ya chumvi, abiria wakasukumana, na karani wa bandari akapaza sauti kwamba hakuna atakayepita bila kuonyesha tikiti. Hakuna aliyemsikiliza.

Mujuni Kamugisha alikuwa amebeba sanduku mkono mmoja na koti zito la sufi mkono wa pili. Alisukumwa na mwanamke mwenye kuku, akayumba, akakanyaga kreti la mbao.

"Hiyo ni dawa, bwana. Ondoa mguu."

Aliijua sauti kabla hajainua macho. Kokwijuka alisimama upande wa pili wa kreti, amevaa gauni la uuguzi la buluu na sweta jeupe lililofungwa vifungo vyote, orodha ya dawa mkononi. Alikuwa amekonda kidogo. Hakutabasamu.

"Koku."

"Umerudi."

"Sasa hivi. Nilikuwa nakuja Muleba kesho—"

"Kufanya nini?"

Mujuni aliweka sanduku chini. Kokwijuka aliweka alama kwenye orodha yake, ingawa hakuna kreti jingine lililokuwa limeshuka.

"Nina swali moja," alisema. "Mkebe ulifika?"

"Ulifika. Mwezi wa pili, tarehe kumi na tisa."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Vizuri. Basi ulishiba, ukanyamaza. Jumamosi saa sita watu wa Karugendo wanakuja kwa tata kuchukua jibu la posa."

Dereva wa misheni alipiga honi. Kokwijuka alipanda mbele, akafunga mlango mwenyewe, na hakugeuka.

Mambo yalikuwa hivi. Mujuni wa Nyanga alikuwa karani wa chama cha ushirika wa kahawa, na kazi yake ya ziada ilikuwa kukusanya vipimo vya mvua vya wilaya. Miaka miwili kabla, kipimo cha hospitali ya misheni huko Muleba kilionyesha mvua katikati ya Julai, mwezi mkavu. Aliendesha baiskeli kwenda kuchunguza, akakuta muuguzi ametundika shuka mbichi juu ya chombo.

"Dada, umeninyeshea milimita mbili," alimwambia.

"Basi ziandike," Kokwijuka alimjibu. "Nimezifua vizuri, hazina doa."

Alimwita Bwana Mvua tangu siku hiyo, na Bwana Mvua akawa anakagua kipimo hicho kila Jumamosi, ingawa kanuni ilitaka mara moja kwa mwaka. Agosti ya 1957 Mujuni alipelekwa Uswidi, kwenye shule ya ushirika iliyokuwa milimani, kwenye theluji. Desemba, senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka, Kokwijuka aliamka alfajiri wiki nzima, akawaokota kwenye nyasi zenye umande, akawachambua mabawa na miguu, akawakaanga, akawaanika na kumtumia mkebe. Kila Mhaya anajua maana yake. Mwanamke humwokotea senene mwanamume aliye wake, na mwanamume hurudisha kitambaa cha nguo. Kwa Mzee Rwegasira, baba ambaye Kokwijuka alimwita tata, hesabu ya muda ilikuwa wazi pia: kitambaa kiwe kimefika kabla senene wengine hawajaanguka. Wa Aprili walianguka. Kitambaa hakikufika, wala barua. Kuanzia katikati ya Machi Mujuni hakuandika hata mstari mmoja.

Karugendo, mwenye lori la kusombea kahawa, alisubiri mpaka Mei ndipo akatuma washenga. Hakuna aliyeweza kumlaumu.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Mujuni aliomba simu ya ofisi ya ushirika. Mtu wa posta aliunganisha baada ya dakika ishirini.

"Hospitali," ilisema sauti ya Kokwijuka, ikiwa mbali na yenye mikwaruzo.

"Ni mimi."

"Nilijua. Wagonjwa hawapigi simu. Una dakika tatu na Sista amesimama nyuma yangu."

"Kitambaa kilikuwepo, Koku."

Laini ilivuma.

"Sema tena."

"Nilinunua. Yadi tano. Pamba nyekundu yenye maua meupe madogo."

"Kiko wapi?"

"Nilikikata vipande."

"Ulikikata." Alitamka neno polepole, kama mtu anayesoma lebo ya chupa asiyoiamini. "Ulimkatia nani?"

"Si hivyo. Kuna jambo. Siwezi kulisema kwenye simu."

"Miezi miwili na nusu hukuweza kuliandika. Leo huwezi kulisema. Lini utaweza, Bwana Theluji?"

"Kesho. Mbele ya baba yako."

"Mbele ya tata utakula aibu."

"Najua. Ndiyo sababu nimechelewa."

Sista alisema kitu kwa Kijerumani. Kokwijuka alishusha sauti. "Karugendo anafika saa sita. Ukija baada yake, usiingie. Pita moja kwa moja urudi kwenu."

Simu ilikatika. Karani mwenzake Mujuni, aliyejifanya anasoma gazeti, alifunua ukurasa.

"Umeoa au umeachwa?"

"Bado," alisema Mujuni.

*

Alifika Muleba Jumamosi saa tano na nusu, juu ya gari la mizigo, suruali yake ya kijivu imejaa tope hadi magotini. Kibanja cha Mzee Rwegasira, nyumba katikati ya migomba yake, kilikuwa kimefagiliwa. Ndani, nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni, na viti vinne vya wageni vilipangwa ukutani. Havikuwa vya Mujuni. Mzee alimwonyesha kigoda karibu na mlango.

"Kaa, mwana wa Kamugisha. Nimeambiwa una maneno. Yaseme yaishe kabla wenyewe hawajafika."

Kokwijuka alisimama karibu na dirisha. Leo alivaa gauni refu la gomesi la kijani, mshipi umefungwa vizuri, na mikono yake ilikuwa imetulia kama ya muuguzi anayengoja daktari amalize kuongea.

Mujuni alitoa daftari mfukoni.

"Waitu," alianza kwa heshima, "kule shuleni kulikuwa na hoteli ya watu wanaoteleza kwenye theluji kwa mbao mbili ndefu. Kazi yangu ilikuwa theluji. Kila siku saa moja asubuhi nilipima kina chake kwenye mti wenye alama, nikapima baridi, nikachoma ganda la juu kwa fimbo, kisha nikaandika ubaoni mlangoni pa hoteli ni wapi watu wapite na wapi wasipite. Mwezi wa tatu ndio mbaya. Usiku theluji huganda, asubuhi inabeba hata ng'ombe. Jua likipanda inalegea, maji yanapenya chini yake, na upande wote wa mlima unaweza kuteleza kwa mara moja."

"Kama udongo wa mtaro baada ya masika," alisema Mzee.

"Ndivyo. Ila theluji ni nzito kuliko unavyodhani." Alifungua ukurasa. "Jumamosi, tarehe kumi na tano Machi. Kina, sentimita mia moja arobaini na mbili. Baridi, nyuzi nane chini ya sifuri. Ganda gumu. Mteremko wa kusini, hatari baada ya saa tano. Niliandika mimi, kwa mkono huu."

"Endelea."

"Posta ilikuwa ng'ambo ya mteremko huo. Mfuko wa barua za meli ulifungwa siku hiyo saa nane. Mwingine ungekuwa baada ya wiki mbili. Nilihesabu siku za bahari nikaona nikikosa ule, kitambaa hakitafika kabla ya senene. Darasa lilitoka saa sita kasorobo. Rafiki yangu Nils alisema tungoje. Nikamwambia nitakwenda peke yangu. Alijua sijui kuteleza vizuri, akafuatana nami."

Alifunga daftari. Nje jogoo aliwika mara mbili.

"Mlima ulikatika saa saba kasorobo. Mimi ulinitupa pembeni. Yeye ulimfunika hadi kifuani na kumvunja mguu."

Kokwijuka alisogea kutoka dirishani.

"Mfupa upi?"

"Muundi. Wa kulia."

"Ngozi ilipasuka?"

"Hapana. Ulipinda hapa." Alionyesha chini ya goti, upana wa kiganja.

"Ukafanya nini?"

"Nilimchimbua kwa mikono. Nikaweka mbao yangu moja ya kutelezea iwe gango la kushika mfupa. Sikuwa na kamba. Nilifungua kifurushi cha kitambaa."

"Ulifunga wapi na wapi?"

"Juu ya goti, chini ya goti, na kifundo cha mguu. Vipande saba. Kilichobaki nikamfungia kifuani, alikuwa anatetemeka."

"Ulijuaje kwamba hukukaza mno?"

"Nilibonyeza ukucha wa kidole gumba, nikaangalia damu ikirudi. Kila baada ya saa moja."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilikuona wewe ukimfanyia yule mzee aliyeanguka kutoka mtini."

Kokwijuka alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amekuja na maswali ya kumnasa mwongo, na yote yamejibiwa.

"Mlilala huko?" aliuliza Mzee.

"Siku mbili. Nilimburuta hadi kibanda cha wawindaji. Mlima uliendelea kuteleza, hawakuweza kutufikia. Tulikula senene wa Koku. Nilikuwa nimebaki na robo ya mkebe mfukoni."

"Mzungu alikula senene?"

"Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili aliuliza kama wapo zaidi."

Mzee alikohoa ili asicheke. Kokwijuka hakucheka.

"Anatembea?" aliuliza.

"Anachechemea. Daktari anasema itabaki hivyo."

"Ulimwomba radhi?"

"Nilimwomba. Alinisamehe siku ile ile. Haikunisaidia."

"Na mimi?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mimi nilikaa hapa nikihesabu meli. Nilikwenda gatini Aprili mara tatu kuchukua dawa ambazo dereva angezichukua peke yake. Wanawake wa hapa waliniuliza senene wangu nitampa nani, nikasema mwaka huu sikuokota. Kwa nini hukuniandikia?"

"Kila nilipoanza barua, sentensi ya pili ilikuwa lazima iwe kwamba nimemlemaza mtu kwa sababu ya posta. Niliandika ya kwanza tu. Zipo kumi na moja."

"Sentensi?"

"Karatasi. Ziko sandukuni."

Mzee Rwegasira alinyoosha mguu wake ukaziba mlango. "Nimesikia," alisema. "Sasa nisikilizeni mimi. Huyu kijana alisoma hatari, akaiandika wengine waisome, kisha akaingia humo humo na mtoto wa watu. Karugendo anaendesha lori miaka sita. Hajaua hata mbuzi. Tena hajawahi kunidanganya."

"Ni kweli, tata," alisema Kokwijuka. "Wala hajawahi kuniambia jambo linalomuumiza."

"Hilo ni kosa?"

"Si kosa. Ila simjui."

Mngurumo wa lori ulisikika kutoka barabarani. Lilibadilisha gia mahali njia inapoanza kupanda. Mzee alitazama viti vinne.

"Binti yangu, wanaofika ni watu wazima. Watataka neno moja."

"Nipe dakika mbili." Alisogea mpaka mbele ya kigoda. Mujuni aliinuka. "Jibu bila kufikiri sana. Siku nyingine ukijua njia ni mbaya, nami niko pamoja nawe, na nina haraka. Utafanya nini?"

"Nitarudi nyuma."

"Nikikuita mwoga?"

"Nitarudi nyuma nikiwa mwoga."

"Nikitangulia?"

Mujuni alitazama mlango. Lori lilikuwa limeingia kwenye njia ya kibanja, watu wakisikika wakielekezana.

"Nitakufuata," alisema mwishoni. "Sitakudanganya, Koku. Wewe nitakufuata. Lakini nitakushika gauni na kukuambia njia nzima kwamba unakosea."

Kokwijuka alimtazama kwa muda. Kisha akarekebisha mshipi wa gomesi yake.

"Tata, Karugendo nitamwambia mimi mwenyewe. Nisipomwambia mwenyewe atadhani nimefungiwa ndani."

"Haijawahi kufanyika hivyo."

"Najua, waitu."

Mzee alisita, kisha akaondoa mguu wake mlangoni. Kokwijuka alitoka. Wanaume wawili walibaki wakisikiliza. Injini ilizimwa. Ilisikika sauti ya Kokwijuka, ya chini, kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia, kisha sauti ya mwanamume, maneno machache, kisha kimya. Mujuni alikuwa ameshika daftari kwa nguvu hata jalada likapinda.

Kokwijuka aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Amesema angalipenda kuambiwa mapema," alisema. "Ana haki." Akamgeukia Mujuni. "Na wewe usifurahi bado. Kuanzia Jumatatu utaniandikia kila wiki, hata kama wewe uko Nyanga na mimi niko hapa. Utaandika sentensi ya pili. Ya aibu, ya hasara, yoyote iliyopo. Ukiruka wiki moja nitajua. Usiporuka, Septemba, kahawa ikishauzwa, utamleta mjomba wako kwa tata kuposa."

"Na kama wiki hiyo hakuna la aibu?"

"Kwako halitakosekana."

Mzee Rwegasira hakusema ndiyo wala hapana. Alitazama nje ya mlango, uso ukabadilika.

"Migomba yangu," alisema.

Lori la Karugendo, likijaribu kugeuza, lilikuwa limezama gurudumu la nyuma kwenye tope laini la migomba, kando ya mtaro, na washenga wake watatu, wote kwa kanzu nyeupe na makoti, walikuwa wakilitazama. Mujuni alivua viatu, akakunja suruali, akatoka. Aliweka bega lake kwenye ubao wa nyuma bila kuombwa. Karugendo alitoa kichwa dirishani, akamwona ni nani, akaingiza gia.

"Sukuma vizuri," alisema. "Wewe ndiye mwenye nguvu leo."

Mujuni akasukuma.