Siku Saba za Kunyamaza

Saa nane mchana, mwalimu akiwa anasahihisha insha mezani kwake, mtu aligonga mlango akasema, "Hodi."

Jambo dogo, ungesema. Lakini mwalimu alikuwa mwaka wake wa nne katika nchi ya watu, akifundisha watu wazima Kiingereza, na katika jengo lile la ghorofa sita hapakuwa na kiumbe mwingine aliyejua neno hilo. Na muuza mkate walizungumza kwa vidole. Jirani wa kushoto alimsalimu kwa kutikisa kichwa, na wa kulia hakumsalimu kabisa. Kiswahili alikisikia simuni tu, saa kumi kila siku, alipompigia mama yake na binti yake. Ndiyo maana badala ya kushtuka alifurahi, na mdomo ukatangulia akili.

"Karibu, karibu. Pita tu, mlango uko wazi," alisema, macho yakiwa bado kwenye insha.

Hakuingia mtu. Alipoinuka kutazama, ukumbi ulikuwa mtupu. Sakafu ilikuwa imedekiwa muda huohuo, bado imelowa, na hapakuwa na alama ya mguu. Mwalimu alijicheka, akajiambia kwamba ugeni umeanza kumpanda kichwani. Aliporudi mezani, chumba kilinuka moshi wa kuni, na jengo zima lilipikia umeme.

Saa kumi alipiga simu nyumbani kama kawaida. Binti yake walimwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake. Mama wa mtoto alifariki akimzaa, na mwalimu alipoondoka Kidoti alikuwa hajaota jino hata moja. Sasa alikuwa na miaka minne na ushee, na baba alimjua kwa sauti tu. Simu ya bibi ilikuwa ya vitufe, haikuonyesha sura ya mtu, na bibi mwenyewe mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Kila siku mwalimu alimfundisha Kidoti neno moja la Kiingereza. Mkataba ulibakiza wiki nne, na baada ya hapo angerudi moja kwa moja.

"Utanijuaje nikifika, na sura yangu huijui?" alimtania siku hiyo.

"Si utaongea?" Kidoti alijibu, akashangaa baba mzima kuuliza swali la namna hiyo.

Kesho yake mambo yalihamia darasani. Mwalimu alifundisha kwa mtindo wa kale: yeye anasema sentensi, darasa zima linairudia kwa pamoja. Siku hiyo wanafunzi walipomaliza, sauti moja ilibaki nyuma ikamalizia peke yake. Alitazama dawati la mwisho. Halikuwa na mtu. Siku ya tatu ile sauti iliyochelewa ilikuwa nzito, ya mwanamume. Siku ya tano ilikuwa ya kwake mwenyewe, na lafudhi yake, na kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya sentensi ndefu.

Wakati wa mapumziko alifuatwa ngazini na mfamasia, mama wa makamo aliyekaa mstari wa mbele na hakukosa kipindi hata akiwa na mafua. Alikizungumza Kiingereza chake polepole, kwa sauti ya chini.

"Samahani, mwalimu. Yule ndugu yako ni mwanafunzi, au amekuja kukutembelea?"

"Ndugu yangu yupi?"

"Aliyekuwa anakaa nyuma. Jana alisogea katikati. Leo alisimama ubavuni kwako, anakutazama mdomo."

"Anafananaje?"

Mfamasia alishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. "Hilo ndilo linanitisha. Uso wake siukumbuki. Nakumbuka anavyochezesha midomo, sawasawa na wewe."

Mwalimu hakumalizia kipindi. Alikimbilia nyumbani akampigia mjomba wake, ambaye kijiji kizima kilimpelekea watu wenye majini, akamsimulia yote.

"Ulimwitikia?" mjomba aliuliza.

"Nilimwambia karibu."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, mjomba. Nikamwambia na kupita apite."

Mjomba alishusha pumzi. "Umesoma weee, mpaka ukasahau kuuliza ni nani. Sasa nisikilize. Huyo hana sauti, anatafuta ya kuvaa, na kila unaposema unampimia. Nyamaza siku saba. Usifundishe, usipige simu, usinong'one. Ukilala, funga kitambaa mdomoni. Akikosa cha kuchukua ataondoka."

"Na Kidoti? Si atanisubiri saa kumi?"

"Hata hilo ushalisema mbele yake. Kata simu."

Mwalimu alikata, akaizima kabisa. Shuleni aliandika barua kwamba koo linamwuma, kisha akajifungia. Woga ulikuwa umemwingia kwenye mifupa, na hakuona haya kukiri hivyo.

Siku ya kwanza kulikuwa na moshi tu. Siku ya pili, ilipotimu saa kumi, jua likiwa bado limejaa dirishani na watoto wa mtaa wakicheza mpira chini, alisikia jikoni mtu akizungumza, sauti yake mwenyewe, ikiuliza habari za mafua ya mama na kama dawa ya macho imepatikana, ikicheka kicheko chake kilekile cha puani, ikisema neno la Kiingereza taratibu, silabi kwa silabi, kisha ikanyamaza kusubiri, na katika ule ukimya, kwa mbali sana, kitoto kikalirudia lile neno kwa maringo, na mwalimu akaanguka sakafuni na kitambaa mdomoni, akakiuma mpaka fizi zikatoa damu, kwa kuwa akipiga kelele atakuwa amempa jini kile kidogo kilichobaki, na asipopiga kelele mwanawe anaongea na nani. Alijiambia ni chambo, ni mchezo wa kumtoa sauti, maana simu ilikuwa mkononi mwake, imezimwa. Siku ya tatu ikawa hivyo, na ya nne, na ya tano. Siku ya sita sauti iliaga vizuri, ikasema tutaonana. Siku ya saba jikoni palikuwa kimya.

Asubuhi ya siku ya nane moshi ulikuwa umekwisha. Mwalimu alifungua madirisha yote, akalia kwa furaha, akawasha simu. Alipofungua mdomo, kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama bawaba yenye kutu.

"Nani mwenzangu?" mama yake aliuliza.

"Mimi, mama. Mwanao."

"Mwanangu yuko hapa," mama alisema, kwa heshima ya kuongea na mgeni. "Amefika jana alasiri, wamempa ruhusa mapema. Nimempapasa uso kwa mikono yangu. Amekonda, na nguo zinanuka moshi, lakini ni safari. Mjomba wake kaja kumwona, wamekula pamoja. Wewe unamtaka nani?"

"Mama, mtoe nje huyo. Mchukue Kidoti, mtoke."

Nyuma ya sauti ya mama alisikia kiti kikivutwa, kicheko cha puani, kisha miguu midogo ikikimbia. Simu ilibadilisha mkono.

"Baba alisema utapiga," Kidoti alisema. "Alisema kuna mtu ana sauti mbaya atapiga, tusimsikilize."

"Kidoti, mwanangu, huyo si baba. Mimi ndiye baba. Nisikilize, nakuomba."

Alijaribu kuyasema tena taratibu, kwa ile sauti ya kila siku saa kumi. Haikuwepo. Upande wa pili mtoto alikuwa akipumua karibu na simu, akifikiri, na mwalimu akamwomba Mungu mtoto aendelee kufikiri hivyohivyo kidogo zaidi.

"Kwani wewe huna mtoto wako umpigie?" Kidoti aliuliza kwa huruma, akakata simu.