Bangili za Wake Wenza

Gati la Tanga lilinyanyuka kwa miguu yake mia mbili likaanza kuingia baharini, na abiria elfu moja na mia tatu wakiwa juu yake, wameketi kwenye mabenchi, mizigo mapajani, kama watu wanaosubiri daktari zahanati.

Halikuwa gati la kujengwa na kuachwa pale pale kama yale ya zamani. Hili lilikuwa gati-tembezi. Meli za matembezi za wakati huo zilikuwa kubwa mno, haziwezi kukaribia ufuko, basi wahandisi wakasema: kama meli haiji kwenye gati, gati na liende kwenye meli. Kila mguu ulikuwa mnene kama pipa, nao ulipapasa kwanza sakafu ya bahari kabla ya kukanyaga, halafu ndipo ukabeba uzito. Aliyekaa juu hakuona mtikisiko. Alisikia tu mvumo chini ya nyayo, kama mtu anayesaga mahindi chumba cha pili.

"Hili dude linatembea kunishinda mimi," alisema Bi Saumu.

"Kila kitu kinakushinda kutembea, dada," Mwanakombo akamjibu. "Hata lile jiko la mkaa, tukiliachia njia litafika sokoni kabla yako."

Bi Saumu akacheka, mkono mmoja kifuani, maana siku hizo hata kicheko kilimchosha.

Wawili hawa walikuwa wake wenza, wajane wa marehemu Hatibu Shekiondo wa Mombo, aliyekuwa fundi wa reli. Saumu, mke mkubwa, alikuwa na miaka sitini na tisa. Mwanakombo alikuwa na sitini na mmoja. Miaka yao ya mwanzo ilikuwa ya kununiana na kufichana chumvi. Kisha mzee akafariki, wakakaa eda pamoja, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba moja, na walipotoka kila mmoja akajikuta hana mtu wa karibu kuliko yule aliyekuwa akimchukia. Watoto wao saba, wa matumbo mawili, ndio waliowachangia safari hii: siku sita ndani ya meli iitwayo Tulizo, mpaka Ngazija na kurudi. "Mama zetu hawajapumzika tangu wazaliwe," walisema.

Dawa za moyo za Bi Saumu zilikuwa kwenye mkoba wa Mwanakombo. Nyeupe ya asubuhi, njano ya saa sita mchana. Saumu alikuwa msahaulifu, hivyo tangu mzee aondoke ni Mwanakombo aliyezitunza na kumhesabia. Daktari wa Korogwe alisema safari si neno, ila asikose kidonge na asipande ngazi.

Mbele yao, mwisho wa gati, lilisimama Lango-tambuzi.

Hapo lazima tueleze kidogo. Zamani watu walisafiri kwa karatasi, baadaye kwa alama za vidole, baadaye tena kwa sura. Wajanja wakajifunza kuiga vyote hivyo, mpaka zikauzwa nyuso za kuazima. Wataalamu wakakaa, wakasema kitu kisichoigika ni mapigo ya moyo. Ndiyo ikatengenezwa bangili-moyo. Kampuni ya meli humtumia abiria bangili yake mwezi mzima kabla ya safari, aivae usiku na mchana, ijifunze mapigo yake. Siku ya kupanda, Lango husoma bangili likajua mambo mawili kwa pamoja: huyu ni nani, na moyo wake unaweza safari au hauwezi. Mwanzoni Lango lilipima pia mapigo ya papo hapo, lakini watu wengi huingiwa na kiherehere siku ya safari, mioyo ikabadilika, foleni zikasimama. Kampuni ikalegeza. Ikaliamuru Lango lifuate kumbukumbu ya mwezi, na tofauti yoyote ya siku ile lijitafutie sababu yake.

Maelezo yaliyokuja na bangili yalisema usiivue hata unapooga. Mwanakombo alisoma sentensi hiyo mara mbili, akaikunja karatasi. Bangili ilibana mkononi, maji hayapiti chini yake, na udhu usiotimia si udhu. Basi wakawa wanazivua mara tano kwa siku na kuzivaa tena baada ya swala. Mara tano kwa siku bangili zilikosa mapigo ya kusoma, nazo zikaziba mapengo kwa makisio. Hakuna aliyeuliza, na wao hawakusema.

Foleni ikafika kwao. Bi Saumu akatangulia, akanyoosha mkono. Taa ya Lango ikawa kijani.

"Karibu Tulizo, Bi Mwanakombo Rajabu," Lango likasema, kwa Kiswahili kisafi kisicho na kwao.

Saumu akageuka. "Umesikia? Na huyu naye ananiita jina lako."

"Mwambie kakosea."

"Marehemu alikosea miaka ishirini na minane nikaitika tu. Nitashindwa na mlango?" Akapiga hatua akaingia. Bangili mkononi mwake ikalia kidogo, ikajifunga. Isingefunguka tena mpaka siku ya kurudi.

Mwanakombo akataka kumwita arudi, lakini nyuma yake watu walikuwa wanasogea. Akanyoosha mkono. Taa ikawa nyekundu.

"Pole, Bi Saumu Mbwana. Moyo wako hauwezi safari hii. Tafadhali keti kwenye benchi la marejeo."

Hapo ndipo alipoiona alfajiri ile yote, kama inavyoonekana njia umeme unapopiga. Bafu la stesheni, walipoteremka treni ya sumaku. Sinki moja tu lenye maji. Yeye mwenyewe alizichukua bangili zote mbili akazifunga kwenye pindo la leso yake, asije mtu akaziiba, na baada ya swala yeye mwenyewe akazifungua akampa mwenzake moja. Nyumbani kila bangili ilikuwa na msumari wake ukutani. Pale stesheni hapakuwa na msumari.

"Mimi siye Saumu," aliliambia Lango. "Saumu ni yule aliyeingia. Tumebadilishana bangili kwa bahati mbaya."

"Ninaelewa huzuni yako. Abiria wengi waliokataliwa husema bangili si yao."

"Basi nipime sasa hivi. Pima moyo wangu."

"Nimekwisha pima. Mapigo yako ni mazuri sana. Hii inaonyesha kwamba dawa yako inafanya kazi. Endelea kuitumia."

Mwanakombo akaangalia huku na huku kutafuta mtu. Pembeni alisimama bwana wa makamo mwenye koti la buluu la kampuni, kifuani limeandikwa Mhina. Akamweleza kisa chote, polepole, bila kuruka neno. Bwana Mhina alisikiliza vizuri. Alimwamini, ilionekana machoni. Akaenda kwenye kioo cha Lango, akagusa hapa na pale, akarudi na gilasi ya maji, akamketisha kwenye benchi la marejeo.

"Mama, nitakuambia kweli. Mimi sina ninachofungua wala kufunga hapa. Nimewekwa ili abiria waone sura ya mtu."

"Nahodha je?"

"Nahodha ni hiyo hiyo mashine iliyokukataa."

"Basi tumpelekee dawa tu, baba. Asishuke. Apate dawa."

Hilo Bwana Mhina aliliona linawezekana. Akaita ndege-mchukuzi, kijimashine chenye mabawa manne kinachopeleka vitu vilivyosahaulika, akaweka kile kikopo cha vidonge ndani ya kikapu chake. Ndege ikasoma lebo: Saumu Mbwana. Ikapaa. Wote wawili wakainua nyuso kuifuata. Ilipofika usawa wa paa la Lango ikazunguka, ikarudi, ikateremka taratibu mbele ya Mwanakombo, ikamwekea kikopo mapajani. Kwa adabu kabisa.

Bwana Mhina akabandua lebo. Ndege ikasema haibebi dawa isiyo na mwenyewe. Akaandika jina la Mwanakombo. Ndege ikasema Bi Mwanakombo ana afya njema, dawa ya moyo kwake ni sumu. Yule bwana akaketi mwisho wa benchi, mikono katikati ya magoti.

Mwanakombo akapiga simu kwa Zubeda, binti wa kwanza wa Saumu, aliyekuwa muuguzi Mwanza. Zubeda hakulia. Alikata, akaandikia kampuni, baada ya dakika chache akapiga tena.

"Mama mdogo, wamenijibu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Wanasema mama yangu yuko salama gatini, hakupanda meli. Wamenitumia na picha ya kumthibitisha. Ni picha yako wewe, umekaa kwenye benchi."

"Waambie si yeye."

"Nimewaambia. Wamesema sura siyo ushahidi."

Gati likaanza kujikunja kutoka kwenye ubavu wa meli. Miguu ikapapasa nyuma, ikakanyaga. Kwenye mabenchi ya marejeo walikuwa watu kumi na wanane waliokataliwa, wengine wamejifunika nyuso. Meli ile, nyeupe, ndefu kama mtaa, ilikuwa tayari imeanza kuondoka, na haikutoa mlio wowote.

Simu ikaita. Alikuwa Saumu.

"Mwanakombo, chumba changu kinaniita Mwanakombo. Kitanda nacho. Nimeshajua kilichotokea."

"Ni mkono wangu, dada. Mimi ndiye niliyekupa. Nisamehe."

"Mkono wako umenipa vidonge miaka tisa bila kukosea. Usinitie maneno." Akavuta pumzi. "Unajua wamenipangia nini kesho? Kupanda mnara wa meli, ngazi mia tatu. Wanasema nina moyo wa msichana."

"Usipande."

"Nipande na nini? Za msikitini tu zinanishinda."

"Umewaomba dawa?"

"Nimeomba. Wameniletea juisi ya ukwaju." Saumu akacheka kidogo, halafu kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. "Kifua kinabana. Nimewaambia na hilo. Wanasema ni furaha ya safari, itapungua."

Mwanakombo alikuwa mtu wa kuangalia mambo mapema. Ndiye aliyejua gesi imebaki kiasi gani, mvua itanyesha lini, mtoto yupi anaficha homa. Sasa alishika simu kwa mikono miwili na hakuona popote pengine pa kushika.

"Lala chini, dada. Usitembee. Uinue kichwa kwa mito miwili, kama ulivyozoea."

"Nimeshalala."

"Umeomba?"

"Naomba. Wewe niombee kwa sauti, nikusikie."

Mwanakombo akasoma dua kwenye simu, ile waliyokuwa wakiisoma pamoja kila baada ya swala, na Saumu akawa anaitikia amina upande wa pili. Amina ya tatu ilikuwa hafifu. Ya nne haikusikika, kwa kuwa meli ilikuwa imeingia mahali ambapo kampuni hukata simu za nje, ili abiria wapumzike mbali na habari za nyumbani.

Alimaliza dua vilevile, mpaka mwisho, akajifuta uso kwa viganja.

Gati lilikuwa nusu ya njia kurudi ilipotimia saa sita. Bangili iliyokuwa mkononi mwake ikatetemeka.

"Bi Saumu," ikasema. "Ni saa ya dawa yako ya njano. Tafadhali meza sasa."

Mwanakombo akaitazama. Wenzake wa benchi wakageuka.

"Bi Saumu, hujameza dawa yako. Ukichelewa, moyo wako utakuwa hatarini."

Bwana Mhina akasogea karibu, akainama. "Mama, meza kimoja tu. Kimoja hakitakudhuru, nayo itanyamaza. Isiponyamaza itaendelea hivi hivi mpaka ufukweni, na itaandika kwenye kumbukumbu ya kampuni kwamba Bi Saumu amekosa dawa."

"Itaandika hivyo?"

"Kila dakika."

Mwanakombo akakirudisha kikopo ndani ya mkoba, akafunga zipu. Akashusha mkono wa kanzu yake, halafu akaupandisha tena mpaka kwenye kiwiko, ili sauti itoke vizuri.

"Iache iandike," alisema. "Tangu asubuhi sijasikia mashine nyingine iliyosema kweli."

"Bi Saumu hajameza dawa," bangili ikasema, kwa sauti ya juu zaidi.

"Hajameza," Mwanakombo akaitikia, macho yake yakiwa baharini, kwenye ile nukta nyeupe iliyokuwa ikizidi kupungua.